Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Same kuhusu Vitu Vinavyomezwa na Kukwama

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Same;
kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake ya uendeshaji wa huduma za afya;
nakala kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Myamba.

Waheshimiwa,

Barua hii inaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Same iingize katika mpango wake wa afya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa familia na bahati, nalo ni huduma kwa mtu, hasa mtoto mdogo, aliyemeza kitu kisicho chakula kikamkwama katika njia ya chakula. Kata ya Myamba, iliyo juu katika safu ya kusini ya Milima ya Pare, inachukuliwa hapa kuwa kipimo, kwa kuwa utaratibu utakaomfaa mtoto wa Myamba, ambako gari hupanda na kushuka kwa barabara ya milimani na wataalamu wa koo wako Moshi, hautashindwa kumfaa mtoto wa Vunta, wa Mtii, wa Bombo wala wa Same mjini. Hoja yenyewe ni kwamba hatima ya aliyemeza kitu huamuliwa zaidi na saa za kwanza, nyumbani na katika zahanati, kuliko ustadi wa daktari bingwa atakayempokea baadaye, na saa hizo za kwanza ziko ndani ya mamlaka ya Halmashauri.

Sehemu kubwa ya vitu vinavyomezwa hupita vyenyewe. Makadirio yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba vitu 8 au 9 katika kila 10 hutoka na choo bila kuguswa, kimoja au viwili huhitaji kutolewa kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, na kisichozidi kimoja katika 100 ndicho kinachomfikisha mgonjwa kwenye upasuaji. Maana yake kwa kaya ya Myamba ni ya kifedha na ya kitabibu kwa pamoja, kwa sababu mzazi asiyejua kutofautisha kinachoweza kusubiri na kisichoweza ama atauza debe la tangawizi kwa bei ya hasara ili apate nauli ya kumkimbiza Moshi mtoto aliyemeza ushanga, ambao ungetoka wenyewe, ama atakaa nyumbani akingoja choo kwa siku tatu huku mtoto amemeza kitu kinachomtoboa. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, na dawa yake ni nafuu kuliko tiba ya lolote kati yake.

Ili tofauti hiyo ieleweke, ni vema njia yenyewe ikaelezwa. Umio ni mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka koromeoni hadi tumboni, na una mahali patatu pembamba: juu kabisa, usawa wa shingo, ambako msuli wa mviringo hujikaza na kulegea kila mtu anapomeza, katikati ya kifua, ambako mshipa mkuu wa damu utokao moyoni hupinda jirani nao, na chini, mlangoni mwa tumbo. Hapo ndipo vitu hukwama, na kwa watoto hukwama zaidi pale pa juu. Kitu kilichokwishaingia tumboni kimevuka sehemu kubwa ya hatari, ingawa bado kina vizuizi mbele yake, kwa sababu mlango wa kutokea tumboni, uitwao pilori, hauruhusu kwa urahisi kitu chenye upana unaozidi sentimita 2.5, na mkunjo wa duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, hukwamisha, hata kwa mtu mzima, kitu chenye urefu unaozidi sentimita 6. Vipimo hivyo vinatosha kumwongoza mganga wa zahanati, kwa kuwa mzazi akija na kitu kinachofanana na kile kilichomezwa, rula ya shuleni ndiyo inayohitajika kukipima.

Ushahidi wa nchini haukosekani. Mwaka 2011 madaktari Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 98 waliohudumiwa hapo kwa vitu vilivyokwama katika njia ya hewa au ya chakula. Wengi wao walikuwa watoto wa miaka 2 kushuka chini. Karanga iliongoza kwa vilivyoingia njia ya hewa, sarafu ikaongoza kwa vilivyokwama katika umio, na mahali palipokwamisha zaidi katika umio palikuwa ni ule msuli wa shingoni. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Upare una tofauti. Sarafu zinazozunguka Mwanza ndizo zinazozunguka Myamba, pamoja na ile ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014, na mtoto hupewa sarafu ili anyamaze, au hutumwa nayo dukani akaiweka mdomoni ili mikono yake iwe huru, au huifungua kutoka pindo la kanga ya mama yake aliyeketi akipeta mchele.

Dalili za kitu kilichokwama katika umio hujitokeza waziwazi kwa anayezijua. Mtoto hudondosha mate kupita kawaida yake, hukataa chakula au hutapika mara anapokimeza, hushika shingo au kifua, hulia bila sababu inayoonekana, na wakati mwingine hukohoa na kukoroma, kwa sababu umio ukivimba huibana njia ya hewa iliyo mbele yake. Hata hivyo, wapo watoto wenye sarafu shingoni ambao hucheza kama kawaida, na kwa hiyo neno la mtoto mwenzake aliyesema kwamba ameona kitu kikimezwa lichukuliwe kuwa ushahidi kamili, hata kama aliyemeza anaonekana mzima. Mtoto asiyeweza kupumua, kulia wala kukohoa yuko katika hali nyingine kabisa, kwani kitu kimeziba njia ya hewa, naye anahitaji kuinamishwa na kupigwa makofi 5 kati ya mabega, kisha kubanwa tumbo mara 5, au kifua ikiwa hajatimiza mwaka mmoja, palepale alipo na kabla ya kutafuta gari.

Sarafu iliyokwama katika umio inapaswa kutolewa ndani ya saa 24, na ile iliyofika tumboni kwa mtoto asiye na dalili yoyote inaweza kusubiriwa hata wiki 4 huku choo kikiangaliwa. Kitu chenye ncha, kama sindano ya cherehani, pini ya mtandio au kipande cha waya, hakisubiriwi hivyo, kwa kuwa kinaweza kutoboa umio, tumbo au utumbo. Sumaku nazo, ndogo kama zile za heleni na za midoli, huwa hatari zinapomezwa mbili au zaidi, au moja pamoja na kipande cha chuma, maana huvutana zikiwa katika mikunjo tofauti ya utumbo, zikabana kuta zilizo kati yake mpaka nyama hiyo ikafa na kutoboka.

Hatari kubwa kuliko hizo zote, na sababu kuu ya kuandikwa kwa barua hii, ni betri ndogo bapa za mviringo, zile ambazo watu wengi huziita betri za saa. Zamani zilikaa ndani ya saa za mkononi na mashine za fundi aliyejua thamani yake. Leo zimo katika rimoti, katika mizani ndogo za kupimia, katika midoli inayoimba na viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni, na hata katika kiberiti cha gesi chenye tochi, ambacho mkia wake ukichomolewa hutoa betri tatu au nne ndogo kama punje za mahindi. Kubwa zaidi kati ya zinazotumiwa sana, ya lithiamu, ina kipenyo cha milimita 20 na nguvu ya volti 3, na ukubwa wake ndio unaoifanya ikwame barabara katika umio wa mtoto wa miaka miwili.

Watu wengi hudhani kuwa betri hudhuru kwa sababu hupasuka na kuvuja sumu, ilhali betri nzima isiyovuja hata tone ndiyo inayochoma kwa haraka zaidi. Inapokwama, kuta zenye unyevu za umio huigusa pande zote mbili, umeme ukapita katika nyama ya mtoto, na upande wa hasi, yaani ule mwembamba usio na alama ya kujumlisha, majimaji ya mwili hugeuka kuwa hidroksidi, kemikali ya jamii moja na kostiki wanayoitumia watengeneza sabuni, ambayo huyeyusha nyama badala ya kuiunguza juujuu. Katika majaribio ya maabara, madhara yameonekana kuanza katika dakika 15, na kwa mtoto kidonda kikubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Betri iliyokwisha, ambayo haiwezi tena kuendesha rimoti, bado huwa na umeme wa kutosha kufanya haya yote, na ndiyo inayotupwa uani. Kidonda kikienda ndani zaidi hutoboa njia kati ya umio na koo la hewa, au hufika kwenye ule mshipa mkuu wa damu, na kwa sababu nyama huendelea kuharibika hata baada ya betri kutolewa, wapo watoto waliotapika damu na kufariki siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya familia kuambiwa kwamba kazi imekwisha.

Hapa ndipo jiografia ya Myamba inapoingia katika hesabu. Mwongozo wa kitabibu unataka betri iliyokwama katika umio itolewe ndani ya saa 2, na mtoto wa Myamba, hata akigunduliwa mara moja, hana njia ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC katika muda huo, kwa kuwa barabara ya Mwembe, Myamba hadi Ndungu ni ya milimani kwa takriban kilometa 90, na baada ya Same mjini bado zimebaki kilometa kama 100 za lami hadi Moshi. Wakati wa mvua hali huwa ngumu zaidi. Maporomoko ya Goha ya Novemba 2009, yaliyoua zaidi ya watu 20 katika eneo hilohilo, yalionyesha jinsi mlima unavyoweza kuwakatia watu njia kwa usiku mmoja. Kwa hiyo ombi la kwamba kila mtoto afikishwe Moshi kwa wakati halitekelezeki, na Halmashauri inaombwa ijipange kwa yale yanayotekelezeka.

La kwanza ni ujuzi wa zahanati. Zahanati kwa ngazi yake haina eksirei, lakini inaweza kuwa na kigunduzi cha chuma cha mkononi, kile kinachopitishwa na walinzi juu ya nguo za watu kwenye milango ya mikutano, ambacho hospitali za nchi kadhaa zimekitumia kwa miaka mingi kutafuta sarafu kwa watoto. Kikilia usawa wa shingo au kifua, mtoto anaondoka wakati huohuo. Kikilia chini ya mbavu, na ikathibitika kwa mfano wake kuwa kilichomezwa ni sarafu, na mtoto anakula vizuri, anaweza kurudishwa nyumbani kwa maelekezo. Kifaa hiki hakitofautishi sarafu na betri, na hilo lisisahaulike hata kidogo: duara lolote la chuma shingoni lihesabiwe kuwa ni betri mpaka eksirei ikanushe. Kwenye eksirei, sarafu huonekana kama duara moja jeupe lililojaa, ilhali betri huonyesha mstari wa pili ndani ya ukingo wake, duara ndani ya duara, na ikipigwa picha ya ubavuni huonekana ngazi ndogo pale upande wa hasi unapokuwa mwembamba kuliko wa chanya. Mpiga picha na tabibu wa zamu wakizoeshwa kuitafuta alama hiyo, muda mwingi utaokolewa.

La pili ni vyumba vya upasuaji vilivyo karibu zaidi. Inafahamika kwamba kazi ya endoskopi, yaani kuingiza bomba lenye kamera na koleo mpaka ndani ya umio, ni ya hospitali kubwa, na itaendelea kuwa hivyo. Lakini sarafu au betri iliyokwama kwenye ule msuli wa juu, mahali palipokwamisha wengi Bugando, mara nyingi huonekana kwa kifaa kilekile ambacho mtaalamu wa nusukaputi hukitumia kuangalia koo kabla ya kupitisha mpira wa hewa, na huweza kutolewa kwa koleo lililopinda liitwalo koleo la Magill, ambalo ni miongoni mwa vifaa vya kawaida vya nusukaputi. Kinachohitajika ni mazoezi. Halmashauri inaweza kuiomba idara ya masikio, pua na koo ya KCMC iwafundishe wataalamu wa nusukaputi na madaktari wa hospitali ya wilaya, pamoja na wale wa Hospitali ya Gonja ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iliyoko bondeni, ni vitu gani waviguse wenyewe na ni vipi waviache, kwa sababu kuvuta kwa nguvu kitu kilichochimba nyama ni hatari kuliko kukiacha.

La tatu ni usafiri. Wilaya zimekwisha kuwa na mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, ambao kwa simu ya bure namba 115 humpatia mjamzito, mzazi au mtoto mchanga gari la wagonjwa, na pale ambapo gari hilo halipo huwatumia madereva wa jamii wanaolipwa kwa safari. Mfumo huo unawajua madereva, unazijua barabara za milimani na una namna ya kulipa bila kumdai mgonjwa fedha mkononi. Inaombwa Halmashauri izungumze na Wizara ya Afya pamoja na TAMISEMI ili mtoto aliye chini ya miaka 5, aliyemeza betri, sumaku au kitu chenye ncha, aingizwe katika orodha ya wanaobebwa, na hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, ili mtaalamu wa nusukaputi asubiri mgonjwa badala ya mgonjwa kumsubiri mtaalamu.

Wakati wa safari hiyo kuna jambo moja la nyumbani lenye manufaa, nalo lilithibitika katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, ulioonyesha kwamba asali hupunguza makali ya hidroksidi na kuifunika betri. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye inajulikana au inashukiwa kwa nguvu kuwa amemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, anaweza kupewa vijiko 2 vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, bila safari kusimamishwa hata kidogo kwa ajili hiyo. Asiyetimiza mwaka asipewe, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Asali si kitu cha kutafutwa mbali Upareni, na ujuzi huu ungeweza kufika kila kitongoji kwa wiki chache kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kwa vitu vingine vyote, kinywa kifungwe. Desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali mkavu au ndizi ili kusukuma mwiba wa samaki hufanya kazi kwa wachache, na kwa wengine huuchimbia mwiba ndani zaidi. Ndimu haiyeyushi mwiba, wala chai ya tangawizi, hata ikiwa tangawizi ni zao linaloiletea Myamba kipato na heshima, haina uwezo huo. Kutapisha humrudishia mgonjwa kitu katika njia ya hewa, na chakula kilichojaa tumboni huchelewesha nusukaputi. Wazee wasio na meno, wanaomeza vipande vya nyama katika makande bila kuvitafuna, na wenye meno bandia yaliyolegea, wamo katika hatari hiyo pia, na mzee asiyeweza hata kumeza mate yake ni mgonjwa wa dharura sawa na mtoto. Mwiba wa perege wa Nyumba ya Mungu unaoendelea kuuma kifuani baada ya siku moja usipuuzwe, kwani unaweza kusafiri hadi kwenye mishipa mikuu ya damu.

Kutibu peke yake hakutoshi, na hili lilijulikana mapema kwa wale waliotibu zaidi. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyekusanya vitu 2,374 vilivyotolewa katika miili ya watu, na ambavyo hadi leo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Mütter ya mji huo, alipoona watoto wakiletwa na umio uliounguzwa na kostiki za majumbani aliwaendea watunga sheria, na mwaka 1927 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha chupa za kemikali hizo ziandikwe onyo. Kwa betri, Australia ilianza kutekeleza viwango vya lazima Juni 2022, na Agosti mwaka huohuo Marekani ikapitisha Sheria ya Reese, yenye jina la mtoto wa Texas aliyefariki kwa betri ya rimoti, inayotaka kifuniko cha betri kisifunguke bila bisibisi au bila vitendo viwili kwa pamoja. Midoli na rimoti zisizokidhi masharti hayo huko bado huuzwa juu ya turubai katika magulio ya Upare. Viwango vya bidhaa ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, na Halmashauri inaweza kuliandikia rasmi. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa pia uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hakuna kinachoizuia kuwataka wenye maduka na wachuuzi wa magulio wauze betri hizo zikiwa katika pakiti zilizofungwa, zisikae wazi kwenye sinia pamoja na pipi na bazoka kama ilivyo sasa.

Mahali pa kufundishia haya pamekwishakuwepo, maana kliniki ya watoto huwakutanisha wazazi wenye watoto wa umri uleule unaomeza vitu, wakiwa wameketi kwenye benchi wakisubiri mizani, na muda huo wa kusubiri unatosha kumwonyesha mzazi betri halisi, sarafu halisi na namna ya kufunga kifuniko cha rimoti kwa gundi ya karatasi pale bisibisi isipokuwepo. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mpango kabambe wa afya wa Halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla, inaombwa kwamba vigunduzi vya chuma vya zahanati za milimani, mafunzo ya KCMC na mazungumzo kuhusu namba 115 viingizwe katika rasimu ya mwaka unaofuata, na kwamba majibu ya Halmashauri kwa kila ombi, likiwa limekubaliwa au limekataliwa, yasomwe katika mikutano mikuu ya vijiji vya Kata ya Myamba.